Mama, Nimekuta Hakuna

Nyumbani kwetu Tabata kuna watoto watatu walio kati ya miaka 9 na 12. Wawili nimewazaa, wa tatu ni mtoto wa dada yangu, aliyekuja mjini kusoma na ananiita mama mdogo. Wote wanaosha vyombo, wanafua sare zao, wanajaza ndoo maji yakitoka, wanadeki, na dukani ndiyo kama wamehamia. Kwa hiyo kila ninapokutana na ule ushauri wa malezi unaozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba mpe mtoto kazi za nyumbani ndipo atakapojifunza kujitegemea, huwa nacheka peke yangu. Kazi watoto wa huku hawajawahi kuzikosa. Kazi peke yake ingetosha, nisingekuwa nasikia ile sentensi kila jioni: "Mama, nimekuta hakuna."

Wazazi wenzangu mnaijua. Umemtuma mtoto unga wa ngano nusu kilo kwa Mangi wa kona. Kitambo kidogo amesimama mlangoni, noti iko mkononi vilevile, uso umetulia kabisa. Amekuta hakuna. Mbele kidogo ya Mangi kuna duka lingine, na nyuma ya msikiti kuna la tatu, na yote anayajua maana ndiko anakonunua pipi. Hapo ndipo wengi wetu tunawaka: "Kwani huna akili?" Lakini ukitulia utaona mtoto hana kosa. Alitumwa kwa Mangi, amefika kwa Mangi, Mangi hana. Alichopewa ni kwenda na kurudi, naye amekwenda na amerudi. Mengine yote yalibaki kichwani kwangu: kwamba unga ni wa chapati za asubuhi, kwamba duka la pili likizidisha shilingi 100 si neno, kwamba ukikosekana kabisa hata mihogo itatufaa. Hayo sikumpa. Angeamua kwa kutumia nini?

Nikaanza kuwakabidhi jambo zima. Jioni moja nilimwita kaka mtu, yule wa miaka 12, nikamwambia: kesho tuko watano, kila mtu anahitaji kitafunwa cha chai, hela ni hii hapa 3,000, na saa 12 kamili watu wawe wameshakunywa.

Akaniuliza, "Ninunue nini?"

Nikamjibu, "Wewe unaonaje?"

Akanyamaza. Akaangalia chini, akawa anakunjakunja ile noti. Nilidhani anafikiri. Kumbe alikuwa anasubiri kugombezwa. Katika nyumba zetu nyingi, mtu mzima akimwuliza mtoto "wewe unaonaje?" hana haja ya kujua anaonaje. Hiyo ni namna ya kumsema, ndugu yake na "unajiona umekua?" Mtoto aliyelelewa vizuri anajua kwamba jibu salama ni kukaa kimya. Ushauri wa vitabuni unasema muulize mtoto maswali ya wazi, lakini hausemi ufanye nini na mtoto ambaye kila swali la mtu mzima amezoea kuliona kama mtego.

Mambo mawili yalisaidia. Kwanza nilibadili swali. Badala ya "unaonaje" nikawa nauliza "umeshafikiria nini mpaka sasa?" au, kama jambo limeanza kuharibika, "umeshajaribu nini?" Swali la namna hiyo linamchukulia kwamba ana akili na ameshaanza kuitumia. La pili ni mikono yangu. Nikikaa nikamtazama usoni nikisubiri jibu, anajiona yuko mbele ya mwalimu wa zamu. Nikiwa nachambua mchicha au napanga nguo, macho yako kwenye mchicha, maneno yanamtoka. Mazungumzo ya maana na watoto hawa nimeyafanya karibu yote mikono ikiwa na kazi.

Asubuhi ile tuliamka tukakuta viazi vitamu vimechemshwa tangu usiku, sufuria imefunikwa, na chenji ya shilingi 800 iko juu ya meza. Mimi ningenunua chapati. Baba yao alivila viazi bila kusema neno, na kwake yeye hiyo ni pongezi.

Mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Bibi Muheza, alipokuja kututembelea alishangaa. "Mtoto anaulizwa? Mtoto anaambiwa." Hofu yake ilikuwa kwamba watajifunza kujibizana na wakubwa, na siwezi kusema hofu hiyo haina msingi. Mtoto anayeulizwa huanza naye kuuliza. Binti yangu wa miaka 10 alitaka kujua ni kanuni ipi inayompa baba yake rimoti ya televisheni siku zote, na aliuliza mbele ya wageni. Ilibidi tukae tuelewane kwamba kuna wakati wa kuuliza na kuna shikamoo kwanza. Hilo linafundishika. Binti sasa anaanza na "Baba, naomba kuuliza," kisha anauliza swali lilelile.

Lakini nilipomdadisi Bibi yeye mwenyewe alikuaje, hadithi ikageuka. Alipokuwa na umri kama wa binti yangu, mama yake aliondoka alfajiri kwenda shambani akamwachia wadogo zake wawili, kibaba cha unga na mbuzi mmoja. Hakuna aliyemwuliza anaonaje. Moto ukizimika aliufuata kwa jirani, mdogo akilia alitafuta cha kumnyamazisha, mbuzi akikata kamba alijua yeye. "Sisi hatukuulizwa, tuliachiwa," alisema. Nikamwambia, haya, na mimi ndicho ninachotaka, tatizo limfikie mtoto likiwa bichi. Huku mjini linapita kwanza kwangu, kwa dada wa kazi, kwa Mangi, kwenye simu, na likimfikia yeye limeshatafunwa, amebakiziwa kumeza. Bibi akasema mjini kuna magari. Ni kweli, na magari nitayafikia.

Niliwahi kufundisha shule ya msingi kabla sijaacha na kufungua duka langu la vitambaa, na hili la kutuma watoto nililiona huko pia. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine na kuchagua kinachomfaa, na kujiamini. Ilipofika shuleni, mahali pengi kilichobaki ni shamba la shule. Wanafunzi wanalima, wanamwagilia, wanabeba mbolea, lakini nani aliwahi kuwauliza tupande nini, au mbona matuta ya upande ule yamekauka? Mwalimu wa zamu anaamua, watoto wanabeba. Jembe lilipita mlangoni, swali likabaki nje. Kenya nao wameandika utatuzi wa matatizo kama moja ya umahiri wa msingi katika mtaala wao mpya, na walimu wenzangu wa huko wananiambia mzazi ndiye anayeishia kutengeneza vile vifaa vya mradi saa nne za usiku. Sishangai.

Sasa magari. Anayesomesha mtoto Dar es Salaam kwa daladala anaujua mchezo wa asubuhi. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, mtu mzima analipa zaidi ya mara mbili ya hapo, na konda ana hesabu ya bosi ya kutimiza jioni. Kwa hiyo gari linasimama, mlango unajaa mkono wa konda: "Wanafunzi ngojeni la nyuma!" La nyuma nalo lina la nyuma yake. Binti na mtoto wa dada walikuwa wanafika shule wamechelewa, wanaokota takataka kama adhabu, kisha jioni malalamiko yote yanamwagwa mezani kwangu.

Baba yao alikuwa na suluhisho mbili tayari: kwenda kituoni kugombana na konda, au kulipa bajaji ya mwezi. Ya kwanza ingemaliza tatizo la siku moja, ya pili hatukuwa na hela yake. Nikamwomba atulie. Nikawaambia watoto: tatizo ni lenu, nauli ni ileile ya kila siku na nyongeza ya shilingi 200 kila mmoja kwa majaribio, mwisho wa mwezi mniambie mnakwendaje shule. Masharti mawili tu. Hawadandii gari linalotembea, na hawapandi bodaboda.

Wakaanza na njia wanayoijua kila abiria wa mji huu, kugeuza na gari. Unapanda gari linaloelekea Segerea, unakaa, linafika mwisho, linageuka, unarudi nalo mpaka Buguruni ukiwa umeketi kama bosi. Unalipa mara mbili na unaamka mapema zaidi. Ilifanya kazi, ila nyongeza yote iliishia hapo na mtoto wa dada alikuwa anasinzia darasani. Wakaiacha. Wakajaribu kuomba msaada kwa mtu mzima kituoni: "Shikamoo mama, naomba tupande na wewe." Akinamama wengi walikubali, wengine waligombana na konda kwa niaba yao, lakini kila siku ilikuwa kutegemea huruma ya mtu mpya, na binti alisema anaona aibu.

Kilichofuata kisingenijia mimi hata ningekaa mwaka. Binti alikuwa anasimama kituoni akitazama, si magari, bali wanafunzi. Akaona kwamba wote wanasimama pamoja, kundi la sare nane au kumi, kwa sababu ni marafiki na wanapiga soga. Akarudi na hoja yake: "Mama, konda akituona kumi anaona siti kumi za mia mbili mbili. Akituona wawili haoni hasara." Wakakubaliana na wenzao wagawanyike. Wawili wanasimama kituoni, wawili wanasogea kwenye mti wa mbele, wengine wanatembea mpaka kituo kinachofuata. Mia mbili zinakuwa mkononi tayari, hakuna kutafuta hela kwenye begi mlango ukiwa wazi. Siku ya mvua mpango unavunjika, maana mvua ikinyesha hata watu wazima hawapandi. Siku nyingi zilizobaki wanafika.

Nimelitafakari sana hilo. Mtu mzima angelitazama jambo lile kama dhuluma, na ni dhuluma kweli. Mtoto ana haki ya kupanda kwa nauli yake. Binti alijiuliza kwanza konda anaona nini. Hakumtetea, alimsoma. Na asingepata nafasi ya kumsoma kama baba yake angeshaenda kituoni na sauti yake.

Mambo madogo yalipita bila kelele. Soli ya kiatu imefunguka, fundi yuko pale chini ya mwembe, hela ya fundi iko kwenye kopo, nenda mkaelewane. Daftari limeisha katikati ya muhula, tunajua yanapouzwa. Kalamu imepotea, hiyo hata usiniambie. Ugomvi wa chaja ya simu uliisha walipoandika zamu kwa mkaa kwenye ukuta wa uani. Ukuta ulichafuka, nikaacha. Usafi wa ukuta una umri wake, haujafika.

La umeme lilikuwa zito kidogo. Kaka mtu alipewa LUKU, ule umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Nikamkabidhi bajeti ya mwezi mzima, si "kaninunulie umeme wa elfu tano" kila ukikaribia kuisha. Laini ya simu ni yangu, kwa hiyo malipo tunayafanya pamoja, lakini lini na kiasi gani anaamua yeye, na zile tarakimu 20 anaziingiza yeye. Mwezi wa kwanza alinijia amekasirika: hela ileile, uniti chache kuliko mara iliyopita. Alidhani ameibiwa. Nikamwuliza umeshajaribu nini. Akachukua meseji za nyuma, akazilinganisha, akaona upungufu unakuja kwenye manunuzi ya kwanza ya kila mwezi. Akamwuliza baba mwenye nyumba, akaambiwa habari ya kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa humo humo kwenye LUKU. Akauliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia: "Kwa nini tunalipa sisi na nyumba si yetu?" Baba mwenye nyumba alicheka, kisha wakapanga na mume wangu ikatwe kwenye kodi ya nyumba. Hela yenyewe ndogo. Lakini ilikuwa ikipita mbele ya macho yetu mwezi kwa mwezi na sisi watu wazima tukiitazama tu.

Akaanza kuandika usomaji wa mita kila jioni kwenye kalenda ya ukutani. Akagundua kwamba pasi ya Jumapili, tunapopiga nguo za wiki nzima, inakula kuliko taa zote za siku kadhaa. Akawa mkali. Anazima feni za watu waliosinzia, anamfuata dada yake bafuni kuuliza kwa nini taa ya sebuleni inawaka. Hili ndilo sikuambiwa na mtu: mtoto akipewa tatizo, anapewa na madaraka, na madaraka yanamlevya kama yanavyomlevya mkubwa. Ilibidi wenzake nao wapewe haki ya kumshtaki.

Halafu ukakatika usiku wa mechi ya watani. Simba na Yanga, kipindi cha pili, giza. Alikuwa amebania mno kununua, akidhani uniti zilizobaki zitafika asubuhi, na mtandao wa malipo usiku ule ukawa mzito. Mume wangu alisimama gizani akavuta pumzi. Simu yake ilikuwa mkononi. Nilimshika kiwiko tukatazamana, ingawa hatukuonana. Akavaa kandambili akaenda kumalizia mechi kwenye kibanda umiza, akimwacha kijana wake anahangaika na simu yangu na tochi. Umeme ulirudi mechi imeisha. Hakuna aliyemgombeza. Aliposhika kopo la sukari asubuhi iliyofuata, alimwambia baba yake bila kuulizwa kwamba sasa atakuwa ananunua ikifika uniti kumi, si tatu. Kwa watu wengine kilichonigusa kingekuwa maneno ya mtoto. Mimi kilichonigusa ni kandambili za baba. Kumwacha mtoto na tatizo lake wakati unaweza kulimaliza kwa kidole kimoja, na linakuumiza wewe, ni kazi ya mwili kabisa, unaisikia mabegani.

Mtoto wa dada ana mambo yake. Jumamosi anauza karanga za kukaanga dirishani kwetu, kwenye vikoni anavyovisokota kwa karatasi za mitihani ya majaribio iliyopita. Kikoni kidogo 100, kikubwa 200. Mteja akimpa 2,000 akataka vikubwa vitatu na vidogo viwili, chenji iko mkononi kabla mteja hajamaliza kusema. Darasani hisabati zinamshinda, na kwa muda mrefu mwalimu wake wa twisheni aliamini kichwa cha mtoto ni kizito.

Nilipokuwa chuo cha ualimu tuliwahi kusimuliwa utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 1985, na sikuuelewa vizuri mpaka nilipoishi na muuza karanga. Watafiti walikwenda kwenye masoko ya Recife, wakanunua vitu kwa watoto watano wa miaka 9 hadi 15 na kuwauliza bei kama wateja wa kawaida. Watoto walipata karibu majibu yote, asilimia 98. Baadaye hesabu zilezile wakapewa kwenye karatasi, namba tupu bila nazi wala mteja, wakapata asilimia 37. Mmoja wa miaka 12 aliulizwa nazi kumi ni bei gani, moja ikiwa cruzeiro 35. Shule ingemwambia aongeze sifuri. Yeye alianza na tatu, ambazo alijua ni 105, akaongeza tatu nyingine zikawa 210, akapanda mpaka 315, akamalizia moja, 350. Njia ndefu, lakini yake mwenyewe, na alijua kila alipokanyaga.

Tangu hapo, mtoto wa dada akikwama kwenye swali la darasani namwambia aligeuze kuwa karanga. Si kila swali linageuka. Sehemu zinagawanyika vizuri kwenye vikoni, eneo la pembetatu linakataa. Kilichobadilika zaidi ni kwamba sasa anajua anakwama wapi. Mazoezi ya mtihani wa darasa la saba, ambao maswali yake mengi ni ya kuchagua, yamempa mazoea ya tatizo linalokuja limebeba majibu yake mgongoni, A mpaka E, moja ni sahihi, chagua. Karanga haziji na A mpaka E. Zikiungua anaamua mwenyewe atupe, achanganye, au ashushe bei na aseme ukweli. Alishusha bei. Watu wakazipenda, eti zina harufu ya moshi.

Kuna mambo hayaachwi kwa mtoto, na hapa sina mchezo. Homa ya usiku si tatizo lake. Harufu ya gesi jikoni, anatoka nje anaita mtu mzima, hajaribu kitu. Waya wa umeme ulio wazi, maji ya mtoni mvua ikinyesha, deni, mtu anayemfuata njiani. Na kubwa kuliko yote nimewaeleza kwa namna ya kulitambua, kwa sababu wabaya hawaji na kibandiko usoni: jambo lolote ambalo mtu mzima amekwambia "usimwambie mama", hilo si lako tena, ni langu, na nataka kulijua usiku huohuo hata nikiwa nimelala, hata mtu mwenyewe akiwa ndugu. Namba 116 ya huduma kwa mtoto, ambayo kuipiga ni bure, wanaijua kwa kichwa. Tulifanya nayo mazoezi kama tulivyofanya ya LUKU. Mtoto aliyezoea kuambiwa "tatua mwenyewe" anaweza akabeba mzigo usio wake akidhani ndiyo ukubwa, kwa hiyo kuomba msaada nimekuweka miongoni mwa majibu yanayokubalika, na anayekuja mapema hasemwi.

Rafiki yangu mmoja aliposikia haya aliniambia mimi nina muda, yeye anatoka Posta saa mbili usiku. Ninamwelewa. Njia hii ni ya polepole, na asubuhi ya shule si wakati wake. Mtu ana dakika tano, soksi haionekani, wewe itafute tu umvalishe. Mimi hulenga Jumamosi, likizo, na jioni ambazo hakuna kinachoungua. Na huchagua jambo moja kwa kila mtoto. Aliye na umeme hana mboga.

Kaka mtu amefanya mtihani wa darasa la saba Septemba na sasa anasubiri matokeo. Bibi Muheza, huyohuyo aliyesema mtoto anaambiwa, ndiye aliyepiga simu akitaka mjukuu apande basi aende kwake peke yake. Mume wangu anasita, mimi nasita zaidi yake. Tukamwambia kijana alete mpango. Ameleta kurasa mbili: basi la asubuhi kutoka stendi ya Magufuli, siti ya mbele upande wa konda, namba za simu za watu wanne zimeandikwa kwenye karatasi endapo simu itaibiwa, hela imegawanywa mifuko mitatu, atampigia bibi wakifika Segera. Bibi alisikiliza mpango wote kwenye spika ya simu, kisha akaanza kuuliza. Basi likiharibika njiani? Anabaki na abiria wengine, haondoki na gari la mtu. Konda akimdai nauli tena? Tiketi haiachi mkononi. Ukisinzia ukapitiliza Muheza mpaka Tanga mjini?

"Nitalala kwa shangazi Ngamiani, kesho yake nirudi."

"Na huyo shangazi atajuaje kama unakuja?"

"Nitampigia kabla sijasinzia."

Bibi akamwambia akatafute jibu lingine. Tiketi bado hatujakata.